Maneno ya Ibara

Jumapili ile mazoezi ya upanga wa mianzi yalipokwisha, Ochiai kinyozi hakunyanyuka na wenzake. Alibaki amepiga magoti sakafuni, kofia ya mapigano mapajani, jasho likimtiririka shingoni, akamgeukia mwalimu wake.

"Mwalimu Makiyo, leo huondoki hapa mpaka utuambie."

"Niwaambie nini?"

"Maneno ya Ibara."

Wengine wakacheka, lakini hakuna aliyetoka. Katika mji wetu wa Kakegawa kila mtu anajua kwamba katuni ile ya televisheni, *Safari ya Tsugeno*, imeandikwa na Towako, binti wa pekee wa Makiyo. Gazeti la mkoa lilimtoa kwenye ukurasa wa pili, na duka la miwani anakofanya kazi mama yake likaibandika picha yake ya gazetini dirishani bila hata kumwuliza.

Ibara ndiye watu waliyempenda kuliko wahusika wote wa katuni ile. Ni bibi wa makamo anayelinda misafara ya wafanyabiashara milimani, na kwa upanga hajapatikana wa kumshinda. Katika sehemu ya tisa, kijana mmoja anayemfuata kama mkia anamwambia kwa heshima kwamba aliyeuona upanga wa Ibara amekwisha kumjua Ibara mwenyewe. Ibara anaufuta upanga, anaurudisha alani, kisha anamjibu: "Upanga wangu haujui kusema uongo. Ndiyo maana siuamini." Anaondoka zake mvuani, na sehemu inaishia hapo. Sehemu zilizofuata hazikuyagusa tena maneno yale.

"Huko mtandaoni watu wanatukanana," Ochiai alisema. "Wengine wanadai mwandishi kakosea. Kama kitu hakisemi uongo, si ndicho cha kuamini? Mimi mwenyewe nilibishana na mteja hadi nikamkata sikio."

"Ulimkata kweli?"

"Kidogo tu. Damu haikufika kolani."

"Mimi sehemu hiyo sijaiona," alisema Makiyo.

Alikuwa ameiona mara mbili.

"Haya, hata kama hujaiona. Tazama juu hapo." Ochiai alinyoosha kidole juu ya mlango, yalipotundikwa maandishi ya mwanzilishi wa ukumbi: Upanga ni mtu. Kila anayeingia huyainamia kichwa. "Sisi tunainamia haya kila wiki, halafu mwanao anatuambia tusiamini. Tushike lipi?"

Makiyo aliwaza kidogo. "Anayeutegemea upanga wake hubweteka," alisema. "Akijiona amefika, ndipo anapoanza kurudi nyuma. Nadhani ndiyo maana yake."

"Mwalimu, hilo ni jibu la mtihani wa kupanda daraja."

"Mtihani ambao umeanguka mara mbili. Kwa hiyo likariri."

Ukumbi ukaangua kicheko, Ochiai akainama hadi paji la uso likagusa mbao kukubali kwamba amepigwa, na shauri likaishia hapo. Lakini Makiyo aliondoka na swali lile kifuani. Alipofika nyumbani alimpigia simu binti yake Tokyo.

"Mama, nina kazi hadi puani," Towako alisema.

"Neno moja tu. Yale maneno ya Ibara. Watu wananiuliza."

"Waambie ni maneno ya Ibara, si yangu."

"Ibara umemwandika wewe."

"Basi waambie waendelee kutazama."

"Mbona sehemu za mbele hazielezi kitu?"

"Kumbe unatazama," Towako alisema, na kwa sauti yake ilikuwa kama anatabasamu, au kama anajizuia kusema jambo. Akaaga.

Makiyo alikuwa na sababu yake ya kuhangaika. Alipokuwa na miaka ishirini na tano alialikwa kwenye mazoezi ya pamoja ya mkoa, na huko akapambana na kijana mmoja aliyeitwa Sugiura Kazushige. Wanaume wengi waliopambana naye walikuwa na hila. Wangetishia kichwa wapige mkono, wangerudi nyuma kumvuta, wangempiga chenga kama wacheza mpira. Kazushige hakuwa na hata moja ya hizo. Alisimama, akasubiri, akaja moja kwa moja utosini, wazi kabisa, kama mtu anayetaja jina lake. Makiyo aliliona pigo likija na bado hakuweza kulizuia. Alirudi nyumbani akamwambia mama yake, "Mtu anayepiga vile hawezi kumdanganya mtu." Mama yake, ambaye hakujua upanga, alimwuliza kama anakula kwa adabu. Mwaka uliofuata wakaoana.

Kazushige aliuza mashine za kuvunia chai. Baada ya Towako kuzaliwa akaanza kusafiri. Alisema kampuni inamtuma Yame, mbali huko Fukuoka, kwa wakulima wa chai wa kule, na kila mwezi alikuwa hayupo siku kadhaa, kisha wiki, kisha wiki mbili. Makiyo alikuja kujua kwamba Yame haikuwamo katika safari zile hata kidogo. Mumewe alikuwa Toyohashi, saa moja tu kwa treni ya kawaida kuelekea magharibi, kwa mwanamke aliyeitwa Itsuyo. Alilijua hilo Towako akiwa mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Walitengana Towako akiwa sekondari ya juu. Miaka yote ya katikati mume na mke waliendelea kwenda ukumbini Jumapili, na Kazushige akiwapo, pigo lake lilikuwa lile lile, jeupe, lisilo na doa.

Basi aliyesikia maneno ya Ibara akiwa na kumbukumbu hizo angefikiri nini?

Mwezi wa kumi kulikuwa na mashindano Hamamatsu, na baada ya mashindano, kama desturi, mazoezi ya pamoja kwa walimu. Makiyo alikuwa anafunga kamba za kinga ya kifua alipomwona Kazushige anakuja, nywele zimekuwa nyeupe zote, mgongo umenyooka vile vile.

"Mama Towako! Hujambo?"

"Sijambo. Sikujua kama utakuja."

"Nimeitwa kuamua." Alisogea karibu, akapunguza sauti kama mwenye habari njema. "Umeiona sehemu ya tisa? Binti yetu kaniandika."

"Kakuandika?"

"'Upanga wangu haujui kusema uongo.' Nani mwingine huyo? Niliposikia nilitokwa na machozi, nakuapia. Miaka yote hii nikidhani mtoto kanisahau."

Makiyo alikaza fundo. "Na ile nusu ya pili?"

"Nusu gani?"

"'Ndiyo maana siuamini.'"

"Aa, hayo mapambo tu. Waandishi bila mapambo hawali." Akacheka. "Twende basi. Mpigie mzee wako magoti."

"Mzee wangu alikufa zamani. Wewe ni mwamuzi tu. Simama."

Walisimama, ncha za panga zao za mianzi zikakutana. Tangu waachane walikuwa wakionana kwa mbali kwenye mashindano, lakini kupambana hawakuwa wamepambana. Makiyo alitazamia kuona kitu. Alidhani umri au dhambi vitakuwa vimeacha alama mahali fulani, katika bega, katika pumzi, katika namna ya kuvuta mguu wa nyuma. Hakuona kitu. Kazushige alikaa kimya nyuma ya upanga wake kama maji ndani ya ndoo. Makiyo akasogea nusu hatua, na hapo hapo Kazushige akaja, moja kwa moja, utosini, na sauti yake ikajaa ukumbi. Lilikuwa pigo zuri. Makiyo aliinama akasema amepigwa, kama inavyopasa, na akasema kwa moyo wote.

Katika pambano la pili Makiyo ndiye aliyempiga. Kazushige naye akainama, akasema amepigwa, na uso wake nyuma ya vyuma vya kofia ulikuwa umefurahi kweli.

Baadaye walikunywa kahawa ya kopo nje, kando ya mashine ya vinywaji. Jua lilikuwa bado kali juu ya magari. Makiyo akauliza kwa adabu, "Itsuyo hajambo?"

"Hajambo kabisa. Alinipa salamu zako asubuhi. Magoti yanamsumbua kidogo tu."

Makiyo alimtazama. Mwezi wa tano Itsuyo mwenyewe alimpigia simu, akaomba radhi kwa mambo ya zamani, akasema amehamia kwa dada yake Nagano na kwa Kazushige hatarudi. Na sasa Kazushige alikuwa anakunywa kahawa yake, anamletea salamu za asubuhi na magoti yanayouma, na macho yake yalikuwa yale yale ya ukumbini. Hayakupepesa. Hakutafuta maneno. Ulikuwa uongo usio na faida yoyote, na aliutoa wazi, bila chenga.

"Nami msalimie," Makiyo alisema.

Katika treni ya kurudi alijisikia mwepesi. Aliona amelifungua fumbo la binti yake. Upanga wa Kazushige haukuwa umemdanganya. Ulimwambia kweli tupu, ila kuhusu jambo moja tu, namna Kazushige anavyopiga. Yaliyobaki, yeye mwenyewe Makiyo ndiye aliyeyaongeza akiwa na miaka ishirini na tano. Towako alikuwa ameliona hilo kwa baba yake, akalitia kinywani mwa bibi mmoja wa katuni. Baba masikini aliona sifa palipokuwa na mashitaka. Makiyo hakuona vibaya kufurahi kidogo.

Towako alikuja nyumbani katikati ya mwezi wa kumi na moja, amekonda, vidole vina wino. Alilala hadi adhuhuri. Alipoamka wakakaa barazani, jua likiwafika magotini, Makiyo akimenya matunda ya persimoni aliyopewa na jirani, akiyakata robo robo na kumwekea mwanawe kwenye sahani.

"Nimeyajua maneno yako," alisema.

"Yapi?"

"Ya Ibara. Nilipambana na baba yako Hamamatsu. Ni yeye."

Towako aliacha kutafuna. "Baba?"

"Upanga mweupe, mtu mwingine. Yeye anadhani umemsifu. Alilia machozi."

Towako akacheka, cheko fupi lililomtoka bila kupenda, kisha akapangusa midomo. "Mama, Ibara ni mwanamke. Ana miaka karibu sitini. Anafundisha vijana Jumapili akiwa hana safari. Hukuyaona hayo?"

Kisu kilisimama katikati ya tunda.

"Maneno ya Ibara yanahusu upanga wake mwenyewe," Towako aliendelea. "Hasemi habari za mtu mwingine. Angekuwa anamsema Baba angesema, 'upanga wako.'"

"Sema basi."

"Mama, tuyaache. Mimi nimekuja kulala."

"Umekwisha kuanza. Sema."

Towako alivuta miguu akaikunja chini yake, kama alivyokaa alipokuwa mdogo. "Jumapili nilikuwa nakaa pembeni ya ukumbi nakutazama. Ukipiga, umepiga. Ukipigwa, unainama unasema umepigwa, hata kama mwamuzi hakuona. Nilikuwa najivuna shuleni. Halafu tunarudi nyumbani nakuuliza Baba yuko wapi, unaniambia yuko Yame kwa wakulima wa chai. Uso ule ule wa ukumbini. Sauti ile ile."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka minane, nilikuwa najua kusoma. Baba alikuwa akirudi na chikuwa, ile nyama ya samaki ya kusagwa inayochomwa kwenye kijiti, unakumbuka? Wewe ulikuwa unabandua karatasi ya nje haraka haraka kabla hujaiweka mezani. Mimi naiokota jaani. Imeandikwa jina la duka, na chini yake, Toyohashi. Nikachukua ramani ya shule. Toyohashi ni hapa, Yame ni kule chini kabisa. Nikasubiri uniambie."

"Mbona hukuuliza?"

"Niliuliza, Mama. Kila mwezi. Swali lilikuwa lile lile: Baba yuko wapi?"

Njiani alipita mtu kwa baiskeli, akawasalimu, wote wawili wakainamisha vichwa.

"Baba ni mwongo, na hilo halikunisumbua sana," Towako alisema. "Mwongo unamjua, unamzoea. Wewe ndiye uliyenisumbua. Nilikuwa najiuliza, mama yangu ni yupi, wa ukumbini au wa jikoni? Nilipomwandika Ibara ndipo nilipoona. Mtu akiwa mkweli mahali pamoja, mkweli kabisa, ni rahisi kudhani amemaliza. Upanga unamtolea ushahidi mzuri kuliko anavyostahili. Ibara anajua, ndiyo maana hauamini. Namheshimu kwa hilo."

"Kwa hiyo Ibara ni mimi."

"Ibara ni Ibara. Ila maneno yale nimeyatoa kwako." Akasita. "Sikuyaandika kwa ubaya."

"Sijasema umeyaandika kwa ubaya."

Makiyo aliweka kisu chini, akasimama, akaenda uani kuanua nguo, ingawa zilikuwa hazijakauka sawasawa. Alizikusanya mkononi moja moja. Soksi ikaanguka, akaiokota, akaipiga piga vumbi. Kwa miaka ishirini na mitano aliamini kwamba ule ulikuwa wema wake mkubwa kuliko wote katika ndoa ile, kwamba alimpa mtoto baba walau wa maneno pale ambapo baba wa nyama hakuwepo. Alipokuwa akisema "Yame" alikuwa akijisikia kama anamvutia mtoto blanketi mabegani. Hata mara moja hakuwa ameuita uongo. Na ukweli ni kwamba Jumapili, akivaa kinga zake, alikuwa akijisikia msafi.

Alirudi na nguo, akaketi, akaanza kuzikunja.

"Hakuwa Yame," alisema.

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Nakuambia." Akakunja taulo, akalilaza. "Alikuwa Toyohashi, kwa mwanamke anayeitwa Itsuyo. Alikuwa na duka la vitambaa. Nililijua ulipoanza shule. Niliwahi kwenda mpaka mlangoni kwake, nikamwona anafagia, nikarudi."

"Hukumwambia kitu?"

"Nilinunua uzi."

Towako alimkodolea macho. "Ulinunua uzi?"

"Mweusi. Alinipunguzia bei."

Wote wawili walianza kucheka, kisha Towako akawa hacheki tena, na Makiyo akaendelea kukunja hadi alipopata mahali pa kuendelea.

"Kwa nini ulikaa miaka yote ile?" Towako aliuliza.

"Nilisema ni kwa ajili yako. Kila mtu nilimwambia hivyo." Alinyoosha mikono ya shati. "Nilikuwa naona haya. Nilimchagua mwenyewe, kwa jicho langu, na mimi ndiye mtu wa kusifiwa jicho. Kuondoka ni kukiri kwamba sikuona kitu."

"Na mtoto? Walipata mtoto?"

Makiyo aliliona swali lile likija kwa mbali, wazi, na hakuwa na namna ya kulizuia.

"Yupo. Wa kiume. Anaitwa Shigeto. Ana miaka ishirini na minne, anatengeneza lifti."

Hilo Towako hakuwa analijua. Uso wake ulibadilika rangi. Aliweka sahani sakafuni taratibu, akatazama bustani, miti michache ya chai ambayo Kazushige aliipanda na hakuna aliyeipogoa tangu aondoke.

"Anajua mimi nipo?"

Jibu lilimjia Makiyo papo hapo, tamu, limekwisha kuiva: bila shaka anajua, baba yako hawezi kukuficha. Alilisikia ulimini kabisa.

"Sijui," alisema. "Ningependa kukuambia anajua. Sijui."

Towako alitikisa kichwa kukubali. Akachukua kipande cha persimoni, akala, akachukua kingine. Aliahirisha kurudi Tokyo kwa siku moja. Siku hiyo aliuliza mengine mengi, na mama yake akayajibu, mengine vibaya, mengine kwa hasira, moja kwa kulia. Walikula tambi za moto kutoka mkahawani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kupika.

Shigeto hakuwa anajua. Towako alimwandikia ujumbe baada ya mwaka mpya, akakaa muda mrefu bila majibu, kisha likaja jibu la mistari miwili, lenye adabu nyingi kama barua ya kampuni. Mwezi wa tatu akaja tena Kakegawa, njiani kwenda kumwona, na kesho yake asubuhi Makiyo akampeleka stesheni kwa gari.

"Nije nawe?"

"Hapana, Mama. Mara hii ya kwanza nataka kumwona mwenyewe."

Treni ya kuelekea magharibi ilifika kwa wakati. Towako akapanda, akakaa upande wa dirisha, na Makiyo akasimama hadi milango ikafungwa, kisha akaenda kufungua duka la miwani.

Towako alirudi jioni. Alisema Shigeto alimpokea stesheni ya Toyohashi amevaa tai, akaogopa sana, akamwinamia mpaka watu wakageuka kutazama. Alisema ana masikio ya baba yao. Walikula samaki aina ya mkunga, na kijana akang'ang'ania kulipa. Makiyo aliuliza kama kijana huyo anacheza upanga.

"Hapana," Towako alisema, akivua viatu. "Anaimba kwaya. Anasema anaimba vibaya."